Ya Chumbani Mmeyaanika, ya Umma Mmeyafunika

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya khabari Zanzibar, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na mabwana na mabibi wahariri wa magazeti, redio, televisheni na hizo za mtandaoni.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli mstaafu, mkaazi wa Chake Chake. Kazi iliyonibakia mtaani ni kuwaandikia watu matangazo ya vifo. Hakuna aliyeniajiri. Hati yangu ilikuwa nzuri enzi zile, basi mtu akifiwa usiku na mikono inamtetemeka, humtuma mtoto aje anigongee. Naandika jina la marehemu, la baba yake na la babu yake. Alikuwa akikaa wapi. Maiti iko nyumba ya nani. Atasaliwa msikiti gani, atazikwa wapi, saa ngapi. Kisha naorodhesha jamaa: khabari ziwafikie wa Wete, wa Mkoani, wa Kengeja, wa Jang'ombe Unguja, wa Dar es Salaam, wa Maskati. Mwisho kabisa naandika jina la anayetangaza. Karatasi inakwenda redioni, inasomwa.

(Mhariri atakayeichapisha barua hii naomba asinifutie hiyo "kh" ya khabari. Nimezaliwa nayo.)

Nataka kuzungumza nanyi juu ya karatasi hiyo, kwa sababu ndiyo khabari pekee katika visiwa hivi ambayo sijapata kumsikia mtu akiitilia shaka. Wa CCM anaiamini, wa ACT anaiamini. Mtu yuko juu ya mkarafuu huko Mtambile, akisikia jina anateremka, anakoga, anavaa kanzu, anapanda gari kwenda kuzika, kwa neno la redio tupu. Haulizi kama ni kweli. Haulizi redio ni ya nani. Matangazo yakimalizika inaanza taarifa ya khabari, na hapo mkono wa mtu unakwenda kwenye kitufe kupunguza sauti. Nimeliona hilo barazani kwetu si mara moja wala mara kumi. Sauti ni ileile, msomaji ni yuleyule, betri ni zilezile.

Karatasi yangu ina mwenyewe, hiyo ndiyo siri yake. Ina jina, pahala, saa, na mtu ambaye ukimkosa kaburini utamkuta nyumbani umuulize. Sisi tuliosoma vyuoni, yaani madrasa, tulifunzwa hivyo tangu wadogo: neno halipokelewi mpaka ijulikane kalipokea nani kutoka kwa nani. Tulikuwa tukihadithiwa kisa cha mwanachuoni aliyesafiri safari ndefu kwenda kupokea hadithi moja ya Mtume kwa mtu mmoja. Alipofika akamkuta anamwita mnyama wake kwa kukunja nguo kana kwamba ndani mna chakula, na chakula hamna. Mwanachuoni akageuza njia akarudi kwao. Anayemdanganya mnyama, alisema, sipokei kwake neno. Maalim wetu akimaliza kisa hicho alikuwa akitutazama mmoja mmoja, nasi tunaangalia chini.

Nami niliwahi kukosea. Miaka mingi nyuma niliandika maziko saa kumi na yalikuwa saa saba. Watu wa Konde walifika kaburi limeshafukiwa, miongoni mwao dada wa marehemu baba mmoja mama mmoja. Hakunitukana, alinitazama tu. Wiki ile nilikwenda Konde, nikaingia nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na nikaandika karatasi ya pili ya kusahihisha nikaweka jina langu mwenyewe. Mpaka leo anayeniletea msiba namwambia aitaje saa mara mbili.

Sasa nije kwenu.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alikufa kwa ajali ya bodaboda. Mama yake aliiona maiti ya mwanawe kwenye simu ya jirani, imepigwa picha barabarani haijafunikwa hata kanga, kabla baba hajafika hospitali na kabla mimi sijagongewa mlango. Chini yake wameandika "tazama hadi mwisho". Usiku nilipokaa kuandika tangazo, mama akaniambia: "Maalim, unamtangazia nani? Si wameshamuona wote." Sikuwa na jibu. Niliandika, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, lakini kalamu ilikuwa nzito.

Na hao si peke yao. Mke na mume wanaachana, kipaza sauti kinatangulia kufika kuliko wazee wa pande mbili. Mwanamke anaulizwa mbele ya kamera mambo ambayo mbele ya kadhi angeyasema kwa kuinamisha kichwa. Watoto wake wanasoma skuli ya hapa hapa, na wenzao wanaijua ile video neno kwa neno. Zamani aliyeyatoa ya chumbani akayatembeza aliitwa mmbeya, na akina mama walimfungia mlango. Leo anaitwa mtangazaji, na ana kitambulisho shingoni.

Najua watakaosema mzee huyu ni mtu wa kale. Ni kweli, sikatai, tena najivunia. Mimi si mwanaharakati. Naamini mkubwa aheshimiwe, mlango wa mtu ubishwe hodi, serikali itiiwe katika la haki, na kijana asiseme mbele ya wazee mpaka aulizwe. Sitaki gazeti la kumtukana Rais. Matusi ni rahisi na hayajawahi kumshibisha mtu. Lakini hao hao wazee walionifunza stara walinifunza na mpaka wake. Stara ni ya nyumba. Bei ya karafuu haina stara. Bajeti, kura, meli ya abiria: hayo yanaanikwa juani, kila mpita njia ayaone. Kwenu mambo yamegeuka. Ya chumbani mnayaanika barabarani, na ya umma mmeyafunika kawa.

Chukueni karafuu. Mnunuzi halali ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kwa miaka mingi bei ya daraja la kwanza ilisimama kwenye shilingi 14,000 kwa kilo. Sina ugomvi na utaratibu wa mnunuzi mmoja. Wapo wanaosema ndio unaomkinga mkulima pale soko la dunia linapoporomoka, na hoja yao ina uzito. Ninachosema ni kwamba nimesoma vichwa vya khabari vya karafuu tangu ujana wangu, na karibu vyote vina neno moja: "watakiwa". Wakulima watakiwa kuacha magendo. Wakulima watakiwa kuanika juu ya majamvi. Wakulima watakiwa kuuza mapema. Mkulima wa Pemba gazetini hasemi. Hutakiwa.

Sijamsoma mwandishi aliyekaa kituo cha kununulia toka asubuhi hadi magharibi akaandika: huyu kaleta kilo hizi, kapewa daraja hili, kalipwa papo hapo au kaambiwa arudi. Kama yupo, hajanifikia. Sijamsoma aliyepiga hesabu ya pishi moja: mchumaji anachukua ngapi, mchambuzi ngapi, gari ngapi, na mwenye mikarafuu anabakiwa na nini. Bei ya Indonesia na ya Bukini (Madagaska) wiki ileile ni ngapi? Msimu huu wameanguka watu wangapi mikarafuuni, na nani anawalisha watoto wao wakati wamelala kitandani na mgongo uliovunjika? Hizi si siri za dola. Ni mambo ya kwenda, kukaa, kuuliza na kuandika. Pesa zake ni nauli ya daladala.

Kila mkulima anajua karafuu mbichi ikikawia guniani siku chache bila kuanikwa inakuwa mpeta, haina rangi wala harufu, na mezani kwa mnunuzi inarushwa upande. Khabari za umma zinatufikia hivyo: zimekaa guniani mpaka zimekuwa mpeta, kisha tunaambiwa tuzinunue kwa bei ya daraja la kwanza.

Unguja nako hakuna nafuu. Akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani, ile aina yenye bei nzuri, kotonii, inawafia kwa kuwa maji ya pwani yamepata joto, wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Wanalijua hilo kwa nyayo zao, wanaosimama ndani ya maji hayo. Gazetini nawaona siku ya kukabidhiwa kihori, wamepangwa mstari, wanashukuru. Na visiwa vidogo vilivyoanza kukodishwa wawekezaji mwaka 2021: nani alikwenda kumtafuta mvuvi aliyekuwa akipiga dago, kambi ya uvuvi, pale na baba yake, akamuuliza sasa anakwenda wapi? Huenda atajibu amepata kazi nzuri hotelini. Huenda atajibu jengine. Aulizwe.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikija Pemba. Wavuvi wa Nungwi waliingia baharini na vyombo vyao kuokoa watu. Idadi ya abiria iliyotajwa mwanzo ilikuwa mia kadhaa. Tume ya uchunguzi baadaye ikasema meli ilibeba watu zaidi ya 2,400. Mimi kwa mkono wangu niliandika karatasi nyingi wiki ile ambazo hazikuwa na mstari wa kaburi, kwa kuwa maiti hawakupatikana. Nawauliza nyinyi wahariri, tena nauliza kwa upole: kabla ya usiku ule, meli zile zikijazwa bandarini kila wiki mchana kweupe, mwandishi wenu alikuwa wapi? Kuhesabu watu wanaopanda ngazi hakuhitaji kibali cha mtu. Kulihitaji mtu mmoja asimame bandarini Malindi, Unguja, na kijidaftari. Mwandishi alikuwapo mjini siku hiyo, bila shaka. Alikuwa kwenye ufunguzi wa semina.

Oktoba 28, 2015 tulimuona Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kwenye televisheni akisoma tamko la kufuta uchaguzi tuliopiga kura siku tatu nyuma. Alisoma, akamaliza. Mtu wa kumuuliza swali hata moja hatukumuona. Sizungumzii hapa nani alishinda. Hilo kila mmoja ana lake na umri wangu hautaki tena ubishi ule. Nazungumzia kile kiti kitupu mbele ya msomaji wa tamko. Kiti kile ni cha mwandishi. Kikikaa kitupu siku kama ile, basi hata siku za ufunguzi wa vyoo vya skuli msijisumbue kukijaza.

Msinifahamu vibaya mkadhani nalilia zama ambazo zote zilikuwa tamu. Visiwa hivi vilijua magazeti kabla ya wengi Afrika Mashariki. Gazeti la serikali la Kiingereza lilianza mwaka 1892, Wahindi walikuwa na Samachar tangu mwanzo wa karne ya 20, Waarabu na Al-Falaq yao tangu 1929, kisha Mwongozi, kisha Afrika Kwetu. Waingereza waliwashitaki wakubwa wa Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi mwaka 1954 kwa maandishi ya Al-Falaq, na wakatiwa hatiani. Kwa hiyo mchezo wa mwenye mamlaka kuliogopa gazeti si uzushi wa baada ya Mapinduzi. Lakini zama za siasa zilipofika, kalamu zetu nyingi zilikuwa visu. Gazeti la huyu linamwita yule mgeni, la yule linamwita huyu mtumwa. Nilikuwa mtoto Juni 1961, watu 68 walipouawa katika fujo za uchaguzi. Sitaki kuambiwa maneno yale ya kila wiki hayakuwa na sehemu yake. Kwa hiyo nikisema nataka gazeti lenye adabu, najua ninachokisema, nimeiona sura ya lisilokuwa nayo.

Baada ya 1964 tulibaki na Kweupe, gazeti la serikali, na miaka ikapita tukazoea. Mwaka 2002 akaja marehemu Ali Nabwa na gazeti lake la Dira. Pemba tukilingojea kama tunavyongoja boti. Lilikuwa na makosa yake, na kichwa chake kilikuwa kigumu, lakini lilikuwa na mtu ambaye ukikasirika ulijua pa kumpata. Novemba 2003 likafungiwa. Msomaji wa Dira hakuhamia gazeti jengine, kwa kuwa halikuwepo la kuhamia. Alihamia kunong'ona, na simu za kamera zilipokuja kunong'ona kukapata mbawa.

Hapa ndipo ninapomgeukia Mheshimiwa Waziri na Wajumbe. Sheria yetu ya magazeti ni Namba 5 ya mwaka 1988, inayompa Waziri mamlaka ya kulifungia gazeti. Ya utangazaji ni Namba 7 ya 1997. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kutoa maoni na haki ya kupewa khabari. Waandishi wamekuwa wakiomba sheria mpya miaka nenda miaka rudi, vikao vimekaa, rasimu zimepita mikononi. Mimi si mwanasheria, na sitajifanya. Nasema jambo moja la mtu mzima: sheria ya 1988 iliandikwa wakati mlango wa khabari ulikuwa mmoja na funguo mlikuwa nazo nyinyi. Sasa ukuta wote umebomoka, nanyi mmesimama mlangoni na funguo. Mtu mwongo anapita ubavuni kila dakika. Anayezuiwa ni yule mstaarabu aliyekuja kubisha hodi, anataka kusajili gazeti kwa jina lake na anuani yake, yaani yuleyule ambaye mngemjua pa kumpata akikosea.

Tuliona matokeo yake Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Vijana walichanganyikiwa, sisi wazee tukachekelea kidogo, wallahi, nakiri. Tukazitoa redio makabatini tukazifuta vumbi. Tukakaa barazani kama zamani. Ilipofika siku ya pili tukatambua kwamba redio tunazo, khabari hatuna. Uvumi wa siku zile, aliyesikia kwa bawabu na bawabu kasikia kwa dereva, ulikuwa mchafu kuliko chochote nilichowahi kukiona kwenye simu. Watu waliokuwa na njaa walikula walichokiokota. Nanyi mkawakemea kwa kula vibaya.

Zamani tulikuwa na mlo wa jirani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, ikafuata Sauti ya Ujerumani na Sauti ya Amerika, na jioni baraza zima lilinyamaza kusikiliza khabari za Zanzibar zikitoka London, kilomita elfu kadhaa, kuhusu jambo lililotokea mtaa wa pili. Hilo peke yake lilitosha kutuaibisha. Machi 2025 serikali mpya ya Marekani iliamua kuibana Sauti ya Amerika, na sauti ile ya Kiswahili ikanyamaza ghafla. Sikulaumu. Mali ni yao, na anayekula kwa jirani hana haki ya kupanga chakula kipikwe saa ngapi. Nilichojiuliza ni mwaka wa ngapi huu tangu tupate wenyewe televisheni ya rangi, miaka ya 1970, kabla ya majirani zetu wote, na bado khabari zetu tunazitegea dirisha la mtu.

Vijana wetu nao wamejifunza kwa wahafidhina wa Marekani kusema vyombo vikuu vyote ni vya uongo, wanalisema hata hapa kwetu. Nataka niwape haki yao kidogo. Kule kura ya maoni ya Gallup ya 1976 ilikuta watu 72 katika kila 100 wanaviamini vyombo vya khabari. Ya 2025 ikakuta 28. Watu hawaachi kuamini kwa wingi hivyo bila ya sababu. Mkulima wa kule na mtu wa kanisani waliona wanaandikwa na watu wa miji mikubwa wasiowajua na wanaowacheka, wakaondoka. Lakini anayehama nyumba inayovuja akaenda kulala kwa mchawi hajapata nafuu. Wengi wamehamia kwa wapiga kelele wa mtandaoni ambao hawana hata karani wa kusahihisha jina. Na kwetu ugonjwa ni mwengine. Mwandishi wa kule alimdharau msomaji wake. Wa kwetu hajapata kumuona.

Kwa nini hajamuona? Kwa kuwa analishwa na wawili, na msomaji si mmoja wao. Wa kwanza ni mwaliko. Kijana analipwa kidogo kwa kila khabari, au halipwi mpaka itoke, hana nauli ya kwenda Micheweni. Inakuja gari ya ofisi inamchukua, anapewa chai, anapewa bahasha, anaandika "amesema, akaongeza, akafafanua", jioni anarudi nyumbani na unga wa watoto. Simlaumu yeye. Namlaumu mhariri anayejua na kunyamaza, na mwenye chombo anayejenga ghorofa. Wa pili ni mradi. Mfadhili wa nje analeta pesa za mada fulani kwa miezi fulani, na ghafla redio zote zinazungumza mada hiyo moja kwa maneno yaleyale yaliyotafsiriwa vibaya. Miezi ikiisha, tatizo nalo linatoweka nchini. Baadhi ya mada hizo ni nzuri, nyengine zinakuja kutufundisha kuishi na wake zetu na watoto wetu, na wanaotufundisha ni watu ambao hawajawahi kukaa na majirani zao. Zote zina kasoro moja: swali limeandikwa kabla ya kufika kijijini.

Na Kiswahili? Hilo ningeliandikia barua yake peke yake. Tumezaliwa kwenye lugha ambayo dunia inakuja kujifunza kwetu, halafu nasikia msomaji wa taarifa kisiwani humu anashindwa kutafautisha dhamana na zamana. Napita.

Waheshimiwa, mimi siombi tume wala semina, na tafadhali msiniite kwenye kongamano la wadau. Nina ombi la aina nyengine.

Msimu wa karafuu ukifunguliwa, mhariri mmoja kati yenu, yeyote, wa serikali au wa binafsi, amlete kijana wake mmoja Pemba kwa siku saba. Asije na mwaliko wa ofisi. Chumba cha kulala kipo kwangu, cha nje, kina mlango wake, godoro jipya. Mke wangu atampikia. Asitegemee kuku kila siku. Bahasha asipokee kwa mtu, na mimi mwenyewe simpi. Asubuhi atakwenda na wachumaji, mchana atakaa kituoni, jioni atakaa barazani kwetu Tibirinzi baada ya alasiri asikilize, asirikodi mpaka aombe. Atayaandika aliyoyaona, pamoja na yale yanayotuudhi sisi wenyewe, maana nasi tuna wetu wanaotia maji karafuu ili zizidi uzito, na tunawajua. Kila neno liwe na mwenyewe wake: nani, wapi, saa ngapi, kasema kwa nani. Akikosea jina la mtu, tutakwenda naye mpaka kwenye nyumba ile aombe radhi, njia naijua.

Na nyinyi wa serikali, ikitoka khabari hiyo gazetini, msilifungie. Mkiona ina uongo, jibuni kwa karatasi, na mwisho wa karatasi wekeni jina la mtu, si "Uongozi".

Kama kuna kosa katika barua hii, la mwaka au la jina, nileteeni. Kila siku baada ya sala ya alasiri niko pale pale barazani, isipokuwa siku ya maziko.

Wassalaam alaykum,

Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba.